Mkonga wa Siku Saba

Hapo zamani, wanangu, zamani zile wanyama walipokuwa na miji yao na kila mmoja akifagia kibaraza chake asubuhi, palikuwa na mji ulioitwa Kwatoni.

Katikati ya Kwatoni palikuwa na uwanja mpana. Upande mmoja wa uwanja ulikuwa Mtaa wa Mawe, na humo waliishi wadogo: pimbi, panya, digidigi na nguchiro. Upande wa pili lilikuwapo bwawa, nalo ndilo bwawa pekee mji mzima. Kwa hiyo mdogo akitaka maji ya kupikia uji, sharti avuke uwanja.

Na uwanjani humo wakubwa, tembo, nyati na viboko, walipunga upepo kutwa nzima. Du! Du! Du! Hawakuwa na roho mbaya, wanangu. Ila hawakuwa na desturi ya kutazama chini.

Mtaa wa Mawe aliishi mama mmoja, pimbi, jina lake Sikuzani. Alikuwa fundi wa kusuka fito na kufinyanga vyungu. Mumewe, Shomvi, alikuwa mpole, tena mwenye wasiwasi mwingi. Binti yao aliitwa Kidawa.

Siku moja Kidawa alitumwa maji. Alipofika katikati ya uwanja, Bi Nyati akapita akipiga soga. Paa! Kwato ikatua juu ya mguu wa Kidawa.

"Uwiii! Mama!"

Bi Nyati akasimama. "Nani analia? Mbona simwoni mtu?" Akaenda zake.

Kidawa alilala mwezi mzima mguu umefungwa vitambaa. Alipoinuka, alikuwa anachechemea. Sikuzani akamtazama mwanawe akivuta mguu mlangoni. Siku hiyo hiyo akajitanda kanga yake, akaenda mbele ya Baraza la Sanaa.

Mtauliza, kwa nini Baraza la Sanaa? Kwa sababu uwanja ule ulikuwa chini yao. Wajumbe walikuwa watatu: Mzee Tembo, mwenyekiti, Bi Nyati, na Bwana Kiboko. Karani wao alikuwa Korongo, mwenye shingo ndefu na miwani, ambaye aliandika kila neno lililosemwa, hata mtu akipiga chafya.

"Shikamooni wakubwa," alisema Sikuzani. "Naomba mtupe kijia uwanjani. Chembamba tu, kilichozungushiwa fito, watoto wetu wapite salama kwenda bwawani."

"Kijia?" alishangaa Mzee Tembo. "Binti yangu, pale ni mahali pa sanaa. Uwanjani hakiwekwi kitu isipokuwa sanaa. Ndiyo sheria."

"Lakini mzee, mbona hakuna sanaa yoyote pale? Pana vumbi tu!"

Wajumbe wakakohoa. Ukweli ni kwamba kila mmoja wao alitaka sanamu ya kwanza ya mawe iwe yake. Walikuwa wamegombana miaka kumi, na uwanja umekaa mtupu.

"Ombi limekataliwa," alisema Mzee Tembo.

Sikuzani akarudi mara ya pili. Likakataliwa. Mara ya tatu. Likakataliwa. Mara ya nne Bwana Kiboko alikuwa amelala, akaamshwa ili aseme hapana.

Jioni ile Sikuzani alikaa jikoni akimenya muhogo. Ghafla kisu kikasimama hewani.

"Baba Kidawa!" aliita. "Hawataki njia. Wanataka sanaa. Basi nitawapelekea sanaa!"

"Mama Kidawa," alisema Shomvi, akishika kichwa, "nakuomba. Hao wakikaa juu yetu kwa bahati mbaya tu, tumekwisha."

"Niletee udongo, mume wangu. Ule wa kufinyangia."

Kesho yake Baraza lilipokutana, Sikuzani aliingia na sinia kichwani. Juu ya sinia palikuwa na kitu kimefunikwa kawa.

"Kijia tena?" alifoka Bi Nyati.

"La, bibi. Leo nimeleta ombi la sanaa. Sanaa ya muda. Itakaa uwanjani siku saba tu, kisha iondoke."

"Siku saba tu?" Mzee Tembo alitikisa masikio. "Hilo geni. Karani, tuna sheria ya sanaa ya muda?"

Korongo akafungua daftari lake. Kacha, kacha, kacha. "Haijakatazwa, Mwenyekiti."

"Haya, funua."

Sikuzani akafunua kawa. Sinia zima lilijaa mkonga wa udongo, mrefu, uliopindapinda kwa madaha, na mikunjo yake yote.

Mzee Tembo akanyanyuka taratibu. "He! Huu... huu si mkonga wangu?"

"Nani mwingine ana mkonga wa namna hii mji mzima, mzee? Utatoka Mtaa wa Mawe, ukatize uwanja wote, mpaka bwawani. Kwa fito, matete na udongo. Kila atakayepita atajua huyu ndiye mwenyekiti."

Mzee Tembo akauzunguka ule mfano, jicho limelegea. Halafu akakunja uso. "Lakini hapa umekosea! Umeweka tundu moja. Mkonga una matundu mawili! Mafundi wa siku hizi!"

"Matundu mawili?" Sikuzani akashika shavu. "Jamani, ujinga wangu! Nitarekebisha sasa hivi. Mawili, tangu mwanzo hadi mwisho?"

"Tangu mwanzo hadi mwisho! Nisipumue?"

"Andika, karani," alisema Sikuzani kwa sauti ndogo. Moyoni alikuwa anaruka: moja la kwenda, moja la kurudi!

Lakini Bi Nyati alikuwa amekwisha kuvimba. Pumzi zikamtoka puani, fuu! fuu! "Yaani mkonga wa mwenyekiti ulale uwanja mzima, na sisi wengine tuwe wapi? Mimi nakataa!"

"Bibi, kwani sijasema?" Sikuzani alichovya vidole katika maji, akafinyanga upesi upesi. "Pale unapoanzia, kwenye Mtaa wa Mawe, patakuwa na pembe zako. Kubwa! Zimepinda hivi, zimekutana hivi, kama lango. Mgeni akifika mjini, kitu cha kwanza kuona ni pembe."

"Cha kwanza?"

"Cha kwanza kabisa."

Bi Nyati akatulia, akajipangusa pua.

"Na mimi?" alinguruma Bwana Kiboko kutoka pembeni. "Au mimi ni kigoda cha kukalia?"

"Bwana Kiboko, wewe uko mwisho, kule bwawani. Mkonga unaishia kwenye kinywa chako, kimefunguka waa! Meno yote nje. Kila anayekuja kunywa maji akuone."

Bwana Kiboko akapanua kinywa kujaribu. "Hivi?"

"Zaidi kidogo. Hapo hapo! Usitingishike nikupime."

Nyie watoto mnacheka, lakini hebu fikirini: mkonga wa tembo, mwanzo pembe za nyati, mwisho kinywa cha kiboko! Mnyama gani huyo? Korongo peke yake alivua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akayaandika yote. Kazi yake ilikuwa kuandika.

"Neno moja," alisema Bi Nyati. "Siku ya kubomoa, sitaki mtu aguse pembe zangu. Namjua Kiboko, atanivunjia kwa raha!"

"Na wewe usiguse meno yangu!"

"Basi iandikwe," alisema Mzee Tembo. "Kila mjumbe atabomoa sehemu yake mwenyewe. Mwingine asiiguse."

"Nani ataanza?" aliuliza Korongo, kalamu tayari.

Wajumbe wakatazamana. Sikuzani akainamisha kichwa kwa adabu.

"Wakubwa, mimi nadhani kazi ya kuanza kubomoa ni ya chini. Aanze mjumbe aliye mdogo kuliko wenzake."

Mzee Tembo akacheka, hahaha, akimtupia jicho Nyati. Bi Nyati akacheka, akimtupia jicho Kiboko. Bwana Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika, akiwatupia jicho wote wawili.

"Safi kabisa! Andika, karani."

Mhuri ukapigwa. Pu!

Mtaa wa Mawe haukupumzika siku tatu. Panya walikata fito, nguchiro walibeba matete, digidigi walikanyaga udongo kwa kwato zao nyembamba, tapu tapu tapu. Shomvi aliwapikia wote uji, akawa anauliza kila mara, "Hawajakasirika bado?" Sikuzani alisuka kwa mikono miwili na kamba mdomoni. Akahakikisha matundu yanamtosha digidigi mwenye mtungi kichwani, lakini hayamtoshi mkubwa hata kwa kuingiza pua. Nyuma ya pembe, kati ya mawe mawili, akatundika mkeka. Nyuma ya mkeka ulikuwapo mlango.

Siku ya uzinduzi mji wote ulijaa uwanjani. Ngoma zikapigwa. Mzee Tembo alihutubia tangu asubuhi hadi jua kali, habari za mkonga wake tu. Bi Nyati alisimama kando ya pembe zake, shingo ameigeuza upande unaompendeza. Bwana Kiboko alikaa karibu na kinywa chake, kakipa mgongo, kapanua kinywa, ili watu walinganishe.

Mara, kutoka ndani ya mkonga: tiki tiki tiki tiki.

Mzee Tembo akakatiza hotuba. "Nini hicho?"

Shomvi akafumba macho. Sikuzani akasogea mbele. "Mzee, unapumua!"

"Unapumua?"

"Sanaa ikiwa nzuri sana, mzee, huwa inapumua."

Tiki tiki tiki.

"Hata mimi ninasikia!" Mzee Tembo akawageukia watu, macho yanang'aa. "Mmesikia? Mkonga wangu unapumua!"

Makofi yakalia, pa pa pa pa! Na chini ya makofi yale, mama digidigi alikuwa anakwenda bwawani na mtungi wake, bila hofu, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Ikawa hivyo siku ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Wakubwa walipunga upepo uwanjani kama kawaida, du! du! du!, lakini sasa waliuzunguka mkonga kwa heshima, hakuna aliyethubutu kuukanyaga. Asubuhi mapema, Bwana Kiboko angali amelala, wadogo walichota maji, wakaoga, wakafua. Watoto waligundua kwamba ukiimba humo ndani sauti yako inakuwa nene, wakaimba mpaka mama zao wakawakataza. Mzee Tembo akawaambia wageni kwamba mkonga wake sasa umeanza kuimba.

Siku ya saba asubuhi, Bwana Kiboko aliamka mapema kuliko desturi yake. Akaja kujitazama. Akasimama mbele ya kinywa chake cha udongo, akakisogelea, akasema kwa upole, "Kijana mzuri wewe."

Kinywa kikatoa mtoto wa pimbi.

Alikuwa Kidawa, na kibuyu chake. Wenzake walikuwa wamekwisha kukimbia waliposikia kishindo, lakini yeye na mguu ule hakuwahi.

"Shikamoo, Bwana Kiboko," alisema Kidawa, akikumbatia kibuyu.

"Mar... AAAH!" Bwana Kiboko akarudi kinyumenyume, akaangukia bwawani. Chubwiii! "Nimetapika pimbi! Njooni! Nimetapika pimbi!"

Wakubwa wakaja mbio. Bi Nyati akaukimbilia upande wa pembe, akauvuta mkeka. Na nyuma ya mkeka, foleni ya wadogo, kila mmoja na mtungi wake, wameganda kama sanamu.

"Njia!" alipiga kelele Bi Nyati. "Ni kile kijia! Tumechezewa!"

"Pimbi aletwe!" Mzee Tembo alipiga mguu chini, udongo ukatikisika.

Sikuzani alikuja mwenyewe. Njiani alimpitia Kidawa, akamshika mkono, akaja naye. Shomvi naye akaja nyuma yao akiwa ameshika mwiko wa uji, maana hakupata kitu kingine.

"Umetudanganya!" alisema Mzee Tembo.

"Mzee, nimedanganya neno gani? Nilisema mkonga, ni mkonga. Matundu mawili ulitaka mwenyewe."

Mzee Tembo akahesabu matundu: moja, mawili.

"Usibishane naye!" alisema Bi Nyati. "Leo siku saba zimetimia. Ibomolewe sasa hivi!"

"Ibomolewe!" aliitikia Bwana Kiboko, maji yanamchuruzika.

Korongo akafungua daftari. Kacha, kacha. Akakohoa kidogo. "Kila mjumbe atabomoa sehemu yake mwenyewe. Mwingine asiiguse. Aanze mjumbe aliye mdogo kuliko wenzake." Akafunga daftari. "Nani huyo?"

Mji mzima ulikuwa umekwisha kukusanyika. Wakubwa, wadogo, wageni, wote macho kwao.

"Kiboko, anza," alisema Bi Nyati.

"Mimi? Mimi mdogo? Miguu yako imefanana na vijiti, halafu mimi ndiye mdogo?"

"Nina pembe!"

"Nina tumbo!"

"Nyamazeni, mwenyekiti ni mimi," alisema Mzee Tembo.

"Basi anza wewe, kama unaona ni jambo jepesi!" walimjibu wote wawili.

Mzee Tembo akautazama mkonga wa udongo, ulivyolala umepinda juani. Akarudi nyuma hatua moja.

Ndipo Bwana Kiboko akaruka. "Nimepata! Mdogo si yuko hapa? Pimbi! Abomoe pimbi!"

"Si mjumbe," alisema Korongo.

"Tumfanye mjumbe basi! Wanaokubali?"

"Ndiyo!" walipaza sauti wote watatu, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi.

Korongo akaandika haraka. Pu! Mhuri ukatua. "Bi Sikuzani ni mjumbe wa Baraza la Sanaa."

"Haya, mjumbe mdogo," alisema Bi Nyati akichekelea, "bomoa!"

Sikuzani akasogea mbele. Akautazama mkonga, akazitazama pembe, akakitazama kinywa. Akageuka.

"Karani, nisomee tena. Mjumbe anabomoa nini?"

"Sehemu yake mwenyewe."

"Mimi humu nina sehemu gani?"

Korongo akanyoosha shingo, akakagua kazi yote toka mwanzo hadi mwisho, bila haraka. "Hakuna pimbi hata mmoja."

Mtaa wa Mawe ulilipuka kwa kicheko. Watu wazima walijigaragaza, digidigi wakaangusha mitungi. Hata wageni walicheka. Bi Nyati akataka kukasirika, lakini mgeni mmoja alikuwa anasifu pembe zake, akaona asikilize kwanza.

Kicheko kilipopungua, Mzee Tembo akamwita Sikuzani pembeni. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Binti yangu, kwa nini hukuniomba njia tu?"

"Niliomba, mzee. Mara nne."

Mzee Tembo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akatazama chini. Akamwona Kidawa, na mguu wake uliopinda.

"Huyu amepatwa na nini?"

"Alikwenda kuteka maji," alisema Sikuzani.

Mzee Tembo akamwita karani, akasema siku saba za mkonga ziongezwe saba nyingine, na zikiisha ziongezwe tena, na asisumbuliwe kuulizwa. Wajumbe wote walikubali. Hata yule mpya alinyoosha mkono.

Kisha Mzee Tembo akainama tena kwa Sikuzani, akamnong'oneza kwa haya:

"Ila, mjumbe mwenzangu... ungeweza kuurefusha kidogo? Wa kwangu, ukweli, ni mrefu zaidi."

"Tutaurefusha, mzee," alisema Sikuzani. "Tena nina kona moja pale karibu na shule ya watoto wetu, inafaa sana."

Basi wanangu, hadithi inaishia hapo, na funzo lake ni hili: mdogo asiyesikilizwa akiomba, na achunguze wakubwa wanapenda kujitazama wapi, ajenge njia yake hapo hapo.